Zen na riwaya za kisayansi hukutana wapi?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, zamu ya usiku. Wageni wakishalala nabaki na simu yangu na vitabu. Nilianza na riwaya ya kisayansi iitwayo Dune. Humo nikakutana na watu wanaoitwa Zensunni, nikataka kujua hiyo Zen, madhehebu ya dini ya Buddha, ni kitu gani, na tangu hapo nachanganya: leo kitabu cha Zen, kesho riwaya ya kisayansi. Koani, vile visa vifupi vya walimu wa Zen, sijaelewa hata kimoja. Nahisi vitabu vya aina hizi mbili vinasema neno moja, ila siwezi kulitaja. Dada yangu naye anasema nitaiharibu dini yangu. Nishauri nisome nini, na hiyo Dune yenyewe, ambayo ina vitabu sita, niimalize au niiache?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa nikifundisha falsafa chuoni, kabla ya kurudi nyumbani Lamu, wanafunzi walioniletea swali kama lako walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa wameingilia mlango uleule wa Dune. Basi tuanzie hapo.

Frank Herbert aliichapisha Dune mwaka 1965. Wale Fremen, watu wa jangwani katika sayari ya Arrakis, amewapa nasaba ya wahamiaji wa Zensunni waliotangatanga kutoka sayari hadi sayari kwa vizazi na vizazi. Msomaji wa Chicago akikutana na Mahdi, jihad na Lisan al-Gaib anaona maneno ya ajabu ya mwandishi mwenye ubunifu. Wewe uliyepita madrasa umeyajua tangu utotoni, na nadhani hilo ndilo lililokunasa. Lakini hebu kirudie kitabu uitafute Zen yenyewe. Hakuna anayekaa zazen, yaani kule kukaa kimya, mgongo wima, ambako ndiko ibada kuu ya watu wa Zen. Hakuna mwalimu anayemtoa mwanafunzi jasho kwa koani. Jina limewekwa pale ili uhisi kwamba muda mrefu mno umepita, mpaka dini ambazo leo hazijuani zimeoana na kuzaa. Ni usimulizi hodari, ila haukufundishi Zen, kama ambavyo haukufundishi Usuni.

Utaliona hili mara nyingi: palipoandikwa Zen, Zen yenyewe haipo. Katika riwaya za kisayansi utaikuta, au utakikuta kitu cha jirani yake, pale hadithi inapolivuruga swali lenyewe ulilokuwa ukiliuliza. Na huenda mwandishi hata Buddha hakumtaja.

Sasa koani. Nahisi unazisoma kama vitendawili, na si kosa lako, sote tumelelewa hivyo. Kitendawili, tega, ukishindwa unaombwa mji, unautoa, unapewa jibu, watu wanacheka, mnaendelea na kingine. Koani haipokei mji. Mtawa wa Kichina Wumen Huikai alikusanya visa 48 mwaka 1228, na cha kwanza ni hiki: mtawa mmoja alimwuliza mwalimu Zhaozhou kama mbwa naye ana asili ya Buddha, yaani uwezo wa kuamka kama Buddha. Zhaozhou akajibu, "Hakuna." Mafundisho yao yanasema viumbe vyote vina asili hiyo. Aliyeuliza alilijua hilo, na aliyejibu alilijua zaidi. Ukisema Zhaozhou amekosea, umeshindwa. Ukisema anamaanisha "ndiyo" kwa fumbo, umeshindwa vilevile. Wumen mwenyewe anasimuliwa kuwa alikaa na hilo "Hakuna" kwa miaka sita.

Tena kuna jambo ambalo simu yako haiwezi kukupa. Katika madhehebu ya Rinzai, ambayo Hakuin (1686–1769) aliyafufua huko Japani, na ndiye aliyeuliza habari ya sauti ya mkono mmoja, koani hupewa mwanafunzi na mwalimu wake. Anakaa nayo, kisha anaingia peke yake chumbani kwa mwalimu na kutoa alichonacho. Mwalimu anapiga kengele: toka. Kesho anarudi, anafukuzwa tena. Mwalimu anamtazama mtu mzima, jinsi anavyoingia, anavyosita, anavyojitetea. Maneno ni sehemu ndogo tu. Kitabu kinakuletea mazungumzo hayo bila chumba na bila kengele. Kwa hiyo usione aibu kutoelewa. Akitokea mtu akakuambia amezielewa zote 48 akiwa ndani ya basi la Mombasa, huyo mwogope.

Ursula K. Le Guin, Mmarekani mwandishi wa riwaya za kisayansi, alilifahamu jambo hili, kwamba swali lenyewe laweza kuwa bovu, kuliko waandishi wengi wa kundi lake. Katika The Left Hand of Darkness, riwaya ya mwaka 1969, mjumbe Genly Ai anafika Gethen, sayari ya baridi kali, ambako wamo watabiri wa madhehebu ya Handdara. Hawa hawafanani na wapiga ramli wetu, kwa sababu hawakosei. Humo kuna kisa cha bwana mmoja aliyewauliza atakufa siku gani. Akaambiwa siku ya 19, bila kutajiwa mwezi wala mwaka. Akajifungia ndani kwa hofu. Mpenzi wake akaona amsaidie, akaenda kuuliza bwana yule ataishi muda gani. Akajibiwa: muda mrefu kuliko wewe. Aliporudi na habari hiyo, bwana yule alimwua kwa hasira, na hatimaye akajinyonga. Ilikuwa siku ya 19. Watabiri wenyewe wanakiri kwamba sanaa yao ipo ili kuonyesha jinsi isivyofaa kitu kulijua jibu la swali lisilofaa. Kisome kisa hicho, halafu umrudie Zhaozhou na mbwa wake. Hutapata ufumbuzi, ila utaanza kuhisi unachoombwa ni nini.

Niseme pia, kwa haki, kwamba Le Guin alikuwa mtu wa Tao, ile falsafa ya kale ya Uchina, kuliko mtu wa Zen. Mwaka 1997 alitoa kitabu chao kikuu, Tao Te Ching, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Lakini udugu upo. Zen ilikulia Uchina, ikiitwa Chan, katika nchi ambayo fikra za Tao zilikuwa zimekwishaenea, na zote mbili zina kicheko kilekile kwa mtu anayejidai kujua.

Ila ningetakiwa kuchagua mahali pamoja ambapo aina zako mbili zinakaribiana mpaka kugusana, ningechagua suala la wakati. Kwa upande wa Zen, wa kusomwa ni mtawa wa Kijapani Dogen (1200–1253). Alifiwa na mama yake angali mtoto, akaenda Uchina mwaka 1223 kutafuta mwalimu, akarudi Japani mwaka 1227, na mwaka 1244 akaanzisha huko milimani monasteri ambayo baadaye iliitwa Eihei-ji. Ipo mpaka leo. Mwaka 1233 aliandika makala fupi iitwayo Genjokoan, na aliyeandikiwa hakuwa mtawa, alikuwa muumini wa kawaida mwenye shughuli zake. Kwa hiyo usione haya kuisomea kwenye kaunta ya hoteli. Anasema kuni zikishakuwa jivu hazirudi tena kuwa kuni. Mpaka hapo hata mtoto wa jikoni anajua. Kisha anaongeza: lakini usidhani kuni ndiyo kabla na jivu ndiyo baadaye. Kuni zimekaa katika nafasi yake ya kuwa kuni. Zina kabla yake na baada yake, na bado zimekatika na hiyo kabla na hiyo baada. Jivu nalo vivyo hivyo. Halafu maneno hayohayo anayageuzia uhai na mauti. Kurasa hizo chache nimezisoma na wanafunzi mara nyingi, na sijaona darasa lisilonyamaza hapo.

Kwa upande wa pili, mweke Mmarekani Ted Chiang na hadithi yake Story of Your Life ya mwaka 1998. Filamu ya Arrival ya mwaka 2016 imetokana nayo (mwongozaji wake, Denis Villeneuve, ndiye aliyeiongoza Dune ya 2021, kwa hiyo labda umekwishamwonja). Chiang ameijenga hadithi juu ya kanuni ya fizikia iliyoelezwa na Pierre de Fermat katika karne ya 17. Mwanga ukitoka hewani kuingia majini hupinda, ndiyo maana mvuvi wa mkuki hamlengi samaki pale anapomwona. Unaweza kueleza hivi: mwanga umefika majini, mwendo umepungua, umepinda. Unaweza pia kueleza hivi: kati ya njia zote za kutoka hapa hadi pale, mwanga hupita ile inayochukua muda mfupi zaidi. Hesabu inatoka ileile. Ila maelezo ya pili yana kioja ndani yake, kwa sababu ni kana kwamba mwanga unaujua mwisho wa safari kabla ya kuondoka. Viumbe wenye miguu saba katika hadithi hiyo wanaishi ndani ya maelezo ya pili. Louise Banks, mtaalamu wa lugha, anajifunza maandishi yao, na taratibu anaanza kuyaona maisha yake yote kwa pamoja, ukiwemo uhai wa binti atakayemzaa na kifo cha binti huyo. Na bado anamzaa.

Kwa maneno ya Dogen, Louise anaona jivu ndani ya kuni, na anawasha moto vilevile. Ukifika hapo utataka kusema, haya, ni kitu kimoja! Subiri kwanza. Louise amepewa mahali pa kusimama ambapo ukurasa wote unaonekana, mwanzo na mwisho. Dogen hana mahali hapo. Kuni zake hazina dirisha la kuchungulia jivu. Chiang anakufariji kwa kukuonyesha mtu anayekubali yote, machungu na matamu. Dogen hakupi hayo yote uyakubali, anakuachia hiki kilichoko mbele yako na kukukatalia kwingine kote. Kwangu mimi hadithi ya Chiang ni bora kuliko karibu kila kilichoandikwa katika fani hiyo tangu nianze kuisoma, na bado kwenye swali hili naona Dogen ndiye mgumu zaidi kujibiwa.

Kwa hiyo hapo natofautiana nawe. Hazisemi neno moja. Riwaya ya kisayansi huishi kwa "ingekuwaje": ingekuwaje kama kesho ingejulikana, ingekuwaje kama watu, kama wale wa Gethen, wasingekuwa wanaume wala wanawake mpaka siku chache za kila mwezi. Ondoa "ingekuwaje" na kitabu kimekwisha. Zen inaanza kazi unapoliachilia hilo. Kinachozifanya zifanane machoni pako ni kwamba zote zinakunyang'anya mazoea: moja inakupeleka mbali mpaka ukigeuka unaiona Malindi kama mji mgeni, nyingine inakukalisha papo hapo mpaka papo hapo pawe pageni.

Kuhusu dada yako, usimcheke. Ana haki ya kuuliza, kwa sababu Zen ni dini. Vitabu vingi vya Kiingereza vinalificha hilo. Tangu msomi wa Kijapani D. T. Suzuki (1870–1966) alipoanza kutoa insha zake kwa Kiingereza, mkusanyo wa kwanza ukiwa wa mwaka 1927, wasomaji wa Magharibi walichukua walichokipenda, yaani utulivu, vicheko na michoro ya wino, wakaacha madhabahu, nadhiri, sala za alfajiri na kichwa kilichonyolewa. Wala si dini ya malaika. Wakati wa vita vya Japani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, walimu wa Zen wenye majina makubwa waliunga mkono majeshi ya dola yao, na mwaka 1992 madhehebu ya Soto, ambayo chimbuko lake ni Dogen huyuhuyu, yalitoa tamko la kutubia. Nakutajia hili ili usisome ukiwa umefumba macho. Kusoma dini ya mtu si kuingia katika dini yake. Mwambie dada yako kwamba hujaweka nadhiri yoyote, na umwonyeshe unachokisoma badala ya kukificha chini ya kaunta.

Na ukitaka kumpa kitu ambacho hatakikataa, msomee Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, akiuhutubia moyo wake mwenyewe. Anautembeza katika majumba ya mabwana wa Pate waliokwisha: zidaka zilizopangwa sahani za Kichina sasa zimelaliwa na makinda ya ndege. Wewe huna haja ya kuvuka bahari kwenda Pate, Gede iko mlangoni kwako, na kule nako wachimbuaji walikuta vigae vya vyombo vya Uchina ndani ya nyumba zilizohamwa. Habari ya dunia kupita hatukuhitaji kuletewa na Dogen. Lakini angalia mshairi wetu anaipeleka wapi: anauonyesha moyo magofu ili ugeuke uitazame akhera. Dogen anaonyesha jivu na hakugeuzi popote. Mimi ni Mwislamu, nimechagua upande wangu, na bado naona mtu anamsoma Sayyid Abdalla vizuri zaidi baada ya kukutana na mtu aliyeona kitu kilekile akafuata njia nyingine.

Wala usikubali kuambiwa kwamba mambo haya yako mbali nasi. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulifikisha twiga kwa mfalme wa Uchina, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na monasteri za Chan kila upande. Na kuhusu roketi, zilipaa kutoka jukwaa la San Marco pale baharini Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, lilirushwa kutoka hapo setilaiti lililopewa jina Uhuru, la kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Malindi ina haki ya riwaya yake ya kisayansi. Wanuri Kahiu alikwishaonyesha inawezekana kwa filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009, ambamo mwanamke anayetunza makumbusho, katika dunia iliyokaukiwa maji, anatoroka na mche mmoja. Itafute, haimalizi hata nusu saa.

Sasa usome nini. Weka pembeni kwa muda kile kitabu kikubwa cha Dogen, Shobogenzo, chukua Genjokoan peke yake na uirudie. Kabla yake soma Zen Mind, Beginner's Mind cha Shunryu Suzuki, kilichotoka mwaka 1970. Ni mazungumzo aliyowapa wanafunzi wake kule California, kwa lugha nyepesi isiyojionyesha. Usimchanganye na yule Suzuki mwingine, si ndugu. Koani za Wumen soma kimoja, ufunge, usiguse cha pili mpaka cha kwanza kimeacha kukukera au kimeanza kukukera zaidi. Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha mwaka 1974 watu watakusukumia. Ni kitabu kizuri cha safari na fikra, ila Robert Pirsig mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba hakihusiani sana na Zen halisi, na kwa pikipiki pia hajidai. Kwa riwaya, ongeza Solaris ya Mpolandi Stanisław Lem ya mwaka 1961, juu ya bahari yenye akili ambayo wanasayansi wameiandikia maktaba nzima bila kuielewa. Humo Lem haandiki habari za Zen. Ndiyo maana naipendekeza.

Hukuniuliza kama ukae zazen, lakini nahisi unalifikiria. Kitabu hakiwezi kukufundisha kukaa, na walimu wa Zen niliowataja walisisitiza mwalimu. Kunyamaza baada ya sala ya alfajiri, zamu ikiisha, kunakutosha kwa sasa, na hakuna wa kukugombeza.

Imebaki Dune. Soma kitabu cha pili, Dune Messiah cha mwaka 1969, ambacho ni kifupi, kisha uache hapo. Vinne vilivyobaki utavirudia ukistaafu. Katika Dune Messiah vita vitakatifu vilivyopiganwa kwa jina la Paul, shujaa wa Dune, vimekwishaua watu bilioni 61, na Herbert anambomoa shujaa aliyemjenga mwenyewe. Yumo pia Hayt, aliyefunzwa falsafa ya Zensunni, anayesema kwa mafumbo kila akifungua mdomo. Huyo mpite haraka. Msubiri Paul akishapofuka. Anatembea bila macho kwa kufuata maono yake ya siku zijazo, hatua kwa hatua, na kila hatua lazima ilingane na ile aliyokwisha kuiona, vinginevyo amebaki gizani. Zisome sura hizo ukiwa na ile habari ya kuni na jivu akilini, kisha niandikie kama Paul ana uhuru wowote uliobaki. Mimi nasema hana. Mke wangu, aliyekisoma kabla yangu, anasema anao, na tumeshindwa kukubaliana.